Watu Wanne Katika Picha ya Jikoni

...lakini ukuta huu wa pichani si wa mama, ukuta wa mama haukuwahi kunyooka hivi, ulikuwa na mawimbi kidogo kama ukuta wa kweli uliopigwa lipu na fundi mwenye haraka zake, na huu waliouweka hapa mlangoni, mahali alipokuwa amesimama mtoto, umenyooka kama umepigwa rula, na Daftari anainamisha kichwa mpaka miwani inakaribia kugusa karatasi, huku mwanasheria wa kampuni ya vitabu akiendelea kusoma kifungu cha nne kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukisoma mara mia, "...mrithi wa mchoraji anaridhia michoro ifanyiwe marekebisho kwa ajili ya toleo jipya, ikiwa ni pamoja na kuondolewa kwa..." na hapo anasita, maana mbele kuna maneno marefu, na mhariri, binti mwenye sauti ya upole, anamalizia, "kwa yule mtoto wa mlangoni, mama, ni huyo tu, hakuna kingine kitakachoguswa," ni huyo tu, na kalamu iko mezani mbele yake, bado na kifuniko chake, na chai waliyomletea inatoa mvuke, na fundi wa picha amekaa pembeni kwenye kompyuta yake akisubiri kuruhusiwa, na nyuma ya mgongo wa Daftari mlango wa ofisi haujafungwa vizuri, anausikia, upepo wa feni unausukuma, unagonga fremu kidogo, unaacha, unagonga...

Daftari si jina lake la cheti, ni jina walilompa nyumbani kwa sababu ya lile daftari lake jeusi la jalada gumu, nani kazaliwa lini, nani kafa lini na kwa ugonjwa gani, nani alimwoa nani na mashahidi walikuwa akina nani, kwenye kila msiba na harusi utasikia, "Msibishane, muulizeni Daftari," na wajukuu wa ukoo wanacheka kwamba ukipiga chafya mbele ya huyu bibi ataiandika na tarehe, wacheke tu, miaka thelathini na moja amekaa masijala ya hospitali, anajua faili likiwekwa kwenye rafu isiyo yake mgonjwa anakuwa kama hakuwahi kuumwa, na hilo ndilo lililomsukuma, ndilo lililomfanya aandike barua miaka sita bila kuchoka, barua kumi na tisa, nakala zote anazo, kuiambia kampuni hii kwamba vitabu vile saba vya kusoma ambavyo nusu ya watu wazima wa leo walijifunzia a, e, i, o, u, vilivyoandikwa juu yake KIMETUNGWA NA KUCHORWA NA, kisha jina la baba yake mkubwa, havikuchorwa na baba mkubwa, baba mkubwa alikuwa mwalimu hodari, alitunga hadithi zote, Mungu amrehemu, lakini kuchora hakujua hata kuchora yai, aliyechora ni mama, kila picha, usiku hapana, mchana, baada ya kuosha vyombo, kwenye meza ya kulia iliyotandikwa gazeti, na ushahidi ulikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake, michoro mia mbili na kumi na mbili iliyorudishwa baada ya kuchapwa, nyuma ya kila mmoja tarehe kwa penseli, kwa mwandiko wake uliolala kushoto, na mbele ya ushahidi huo kampuni ikamwita, ikamkalisha kwenye kiti hiki hiki, na mwanasheria akamweleza, siku ile ya kwanza, kwa upole kabisa, kwamba mtu anayeumba kitu ana haki za aina mbili, "moja ni ya mfuko, mama, hiyo baba yenu mkubwa aliiuza na ikaisha, hatuna cha kuzungumza, ya pili ni ya nafsi, sisi tunaiita haki ya kimaadili, hiyo haiuzwi, na ina miguu miwili, mguu wa kwanza ni kutajwa kwamba kazi ni yako, mguu wa pili ni kazi yako isikatwekatwe na kuharibiwa, na akifa zinalindwa na walio nyuma yake," naye aliyaandika maneno hayo daftarini neno kwa neno, akarudi nyumbani anatembea kama msichana.

Na leo wanampa mguu mmoja ili awakatie mwingine... ndivyo ilivyo, ukiondoa adabu na chai, jina la mama juu ya majalada yote saba kwa herufi sawa na za baba mkubwa, na badala yake mtoto wa mlangoni atoke, "Tumepima sana, mama," anasema mhariri sasa, akigeuza kurasa kubwa za majaribio mezani, toleo la zamani kushoto, toleo jipya kulia, "wajumbe wa bodi wamesema hawawezi kuchapa tena picha zenye yule mtoto, barua za walimu tunazo faili zima, na si walimu peke yao, hata mimi, nikwambie ukweli? nilikuwa namwogopa, darasa la pili lote nilikuwa nasoma ukurasa wa kumi na nne nimemfunika na kidole," na fundi wa picha anacheka pale pembeni, "Kumbe tulikuwa wengi, mimi nilimchoma macho na sindano ya kushonea, nikachapwa," na mhariri anamkata jicho, "Wewe! Mbele ya mama?" "Samahani mama, utoto," na Daftari anatikisa kichwa kwamba haidhuru, haidhuru, akili yake imebaki kwenye kile kidole, anakiona, kidole kidogo chenye wino kimekaa juu ya mtoto, na vidole vingine maelfu, shule baada ya shule, mwaka baada ya mwaka, vyote vimembonyeza pale pale mlangoni asitoke...

Yeye hakumfunika, yeye alimjua ni nani, nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia kwa maneno lakini alijua, yule ni Punje, dada yake aliyezaliwa kabla yake, aliyeitwa Punje kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake akatosha kwenye kiganja, akaishi miaka minne, akafa kwa homa ya siku tatu, Daftari akazaliwa mwaka uliofuata, haya yako ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari jeusi, na Punje yupo kwenye vitabu vyote saba, si kwenye kila picha, ila kwenye kila picha yenye mlango, katika Kitabu cha Kwanza ni mdogo sana, kimo hakifiki kitasa, amesimama kizingitini hajaingia wala hajatoka, katika cha Pili amekua kidogo, katika cha Tatu amekua tena, kila kitabu mwaka mmoja, mama alimlea kwenye karatasi, ndivyo Daftari alivyojiambia tangu alipofungua lile sanduku la bati na kuona nyuma ya michoro, chini ya tarehe, mama ameandika Punje, miaka mitano, Punje, miaka sita, Punje, miaka saba, mpaka kumi na mmoja, na kitu kimoja tu kilimkera, kikamkera kama kokoto kwenye kiatu, hesabu haikukaa sawa, kwa sababu mwaka ule Kitabu cha Kwanza kilipochorwa Punje angekuwa na miaka kumi, si mitano, na alijaribu kujumlisha kwa kila namna na haikukubali, akaandika pembeni kwa penseli, mama alichanganyikiwa na majonzi, akaacha.

"Kifungu cha tano," anasema mwanasheria, anageuza ukurasa, analowesha kidole, "jina la mchoraji litaandikwa kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, yaani..." na analisoma lile jina, majina matatu, anayasoma vizuri kabisa, na kwa kitambo Daftari hamjui mtu huyo, anageuka kidogo kama mtu aliyesikia mwingine anaitwa kwenye foleni, nani huyo? kisha anakumbuka, ni mama, bila shaka ni mama, yeye mwenyewe ndiye aliyeleta cheti, lakini nani aliwahi kumwita mama kwa jina lile, mtaani hapana, dukani hapana, baba alimwita "we mama," majirani walimwita Mama Punje, enzi hizo, Mama Punje njoo uonje chumvi, Mama Punje nikopeshe pasi yako, na baada ya mazishi waliacha, kwa huruma, ili wasimtoneshe, na Daftari alipozaliwa wakahamishia jina kwake, wakawa wanamwita kwa jina la mtoto aliye hai, na mama haitiki, Daftari anakumbuka hili kabla hajajua kuhesabu, mwanamke yuko uani anaita, anaita, na mama yuko dirishani anakausha sahani, kakunja uso kidogo kama anayesikia redio ya jirani, haitiki, mpaka yule mwanamke aje amguse bega, "Shoga, masikio umeyaazima?" na mama anashtuka, "Kumbe ni mimi..."

"Mama, tunaenda pamoja?" anauliza mwanasheria, "Usiharakishe, soma kwa nafasi yako, karatasi haikimbii," na Daftari anasema, "Tunaenda pamoja, baba, endelea," na anavuta karibu picha ile ya ukurasa wa kumi na nne, Kitabu cha Pili, picha ya jikoni, maana kuna kitu katika picha mpya hakijakaa, mbali na ukuta, kuna kitu kinamkosesha raha tangu walipoitandaza, jikoni kuna bibi anachambua mchele, baba anakaza mguu wa kiti, mama anafunika sufuria, kijana amebeba ndoo, wanne, na mlango, na mlangoni sasa hapana mtu, ukuta ulionyooka na mwanga, na... macho, ni macho, bibi anayechambua mchele hatazami mchele, baba na nyundo yake hatazami kiti, mama mwenye kifuniko cha sufuria mkononi, kijana mwenye ndoo, wote wanne wametazama mlangoni, walikuwa wanamtazama mtoto, miaka yote walikuwa wanamtazama mtoto na hakuna aliyeona kwa kuwa ilikuwa sawa kumtazama mtoto, na sasa mtoto hayupo na bado wanatazama, wanatazama mahali patupu kwa nyuso zile zile, na nyuso ambazo zilikuwa za watu wanaotaka kusema karibu, sasa ni nyuso za watu waliosikia kitu, anageuza ukurasa, ishirini na moja, sebule, wote mlangoni, anageuza, thelathini, duka, muuza duka na mizani yake na wateja wawili, wote mlangoni, vichwa vyote, hata paka, na vinyweleo vya mikono ya Daftari vinasimama, anajifanya anakunja shali.

"Na kivuli mmekiacha," anasema, anashangaa sauti yake ni ya kawaida, ya masijala, na kidole chake kiko kwenye sakafu ya jikoni, ambapo kivuli kifupi cha mtoto kinatoka kizingitini kuelekea ndani, na mhariri anainama, anamwita fundi, fundi anakuja na kiti chake cha magurudumu, anatazama, anakuna kichwa, "Hiki nilikifuta, naapa, jana kabla sijatoka nilikifuta," "Basi hukuhifadhi," anasema mhariri, "Itakuwa sikuhifadhi," anasema fundi, lakini hasemi kama mtu aliyeshawishika, "huyu mtoto kanisumbua, mama, nikwambie, watu wengine nikiwatoa kwenye picha nyuma yao nakuta mistari, ukuta unaendelea, sakafu inaendelea, huyu nyuma yake hapana kitu, hapana, karatasi tupu, ilibidi niubuni ukuta mwenyewe," "Kwa nini?" anauliza mhariri, na fundi anasema, "Kwa sababu alichorwa kwanza, yeye kwanza, halafu nyumba ikachorwa kumzunguka."

Yeye kwanza... na baba mkubwa alikuwa anatuma karatasi yenye maagizo, Daftari anayo mojawapo, mwandiko wa mwalimu umenyooka kama gwaride, Picha ya 14, jikoni, watu wanne, bibi, baba, mama, kijana, na mama alichora wanne kama alivyoagizwa, hakukaidi kitu, ila alianza na mmoja ambaye hakuagizwa, na siku baba mkubwa alipokuja kuchukua michoro alivaa miwani akauliza, "Huyu wa mlangoni ni nani, shemeji?" na mama akasema huku anafuta meza, "Anapita tu," na baba mkubwa akatazama, akatazama, akavua miwani, akaweka michoro kwenye bahasha, hakuuliza tena, lakini kwenye kitabu cha majibu cha walimu hakubadilisha, Swali la kwanza, unaona watu wangapi katika picha? Jibu, wanne, na kuanzia hapo nchi nzima watoto wenye macho wakawa wanaandika watano na kukatwa mkasi mwekundu wa kosa, walimu wakaandika barua, faili zima, na yeye Daftari, darasa la pili, dawati la tatu kutoka mbele...

Hapana, hapa hataki kupita, anachukua kikombe anakunywa chai bado ya moto inamuunguza ulimi, lakini akili imeshapita bila ruhusa, dawati la tatu kutoka mbele, miaka minane, penseli iliyochongwa pande zote mbili, na juzi yake tu jirani yake wa dawati ameandika watano na kupata mkasi, na mwalimu amesema mbele ya darasa, "Huyo wa tano ni mama yako?" darasa limeangua kicheko, na Daftari ana kitabu mbele yake, dada yake amesimama mlangoni anamtazama, anamjua kwa jina, ndiye mtoto pekee katika nchi nzima anayemjua kwa jina, na anaandika, wanne, kwa mwandiko mzuri, anaweka nukta, anapata vema, anakimbia na daftari la shule nyumbani, analifungua juu ya meza ya gazeti, mama anasoma, kidole chake chenye risasi ya penseli kinapita chini ya neno, kinasimama, "Wanne?" "Ndiyo mama, nimepata," mama alifunga daftari taratibu, akalaza kiganja juu yake, akakaa hivyo, na Daftari hakuliandika hilo popote, kurasa zote zile, tarehe zote zile, hilo hakuliandika.

"...kifungu cha sita, mrithi anathibitisha kwamba hakuna mtu mwingine yeyote mwenye madai juu ya michoro hii," anasoma mwanasheria, mtu mwingine yeyote, na kaka yake, mtoto wa baba mkubwa, aliyesumbuka naye miaka yote sita mpaka akakubali jina la baba yake ligawane jalada na la mwingine, alimwambia jana kwenye simu, "Dada Daftari, umeshinda, usigeuze harusi iwe kesi, mtoto wa picha ndiyo nini? Sahihisha mambo, weka sahihi, tuje tule wali," na alicheka, na yeye alicheka, na alilala usingizi mzuri, kwa sababu jana alikuwa bado anaamini kwamba jina ni jina, na hapo mhariri, kwa kutaka kumfurahisha, anafungua bahasha ya michoro halisi aliyoiazima na kuuweka mmoja juu ya meza, "Huu ndio nimeupenda kuliko yote, mama, wa Kitabu cha Nne, mkono wa mama yako ulikuwa umekomaa hapa, tazama kitambaa," kitambaa... Punje, miaka minane, amesimama mlangoni pa darasa, amekua, kimo kimepita kitasa, mkono wa kulia ameegemea fremu na mkono wa kushoto ameukunja kifuani, umezungushiwa kitambaa kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na Daftari ameuona mchoro huu mara ngapi, mara mia, aliona kitambaa akasema ni pambo, ni doti, ni kitu cha kumpa mkono kazi, anaugeuza nyuma, tarehe, anaisoma tarehe, na kwa mara ya kwanza haisomi kama tarehe ya mchoro, anaisoma kama mtu wa masijala, anatafuta ni tukio gani lingine lina tarehe inayokaribia hiyo, na linakuja, lipo ukurasa wa nne wa daftari jeusi, mstari wa mwisho, siku kumi na mbili kabla, nimeungua na mvuke wa birika, mkono wa kushoto, kiwiko hadi vidoleni.

Kovu lipo, chini ya shali, ananyoosha mkono chini ya meza analigusa, ngozi ile laini isiyo na vinyweleo, na mlango nyuma yake unagonga fremu, unaacha... "Simama hapo," mama anasema, "mlangoni, usiingie, usitoke, tazama ndani," kila likizo, kila mwaka, saa nzima, "Nimekosa nini mama?" "Hujakosa kitu, simama tu," na yeye alisimama akijua amekosa, maana kwa nini mtu asimamishwe mlangoni kama hajakosa, alitafuta kosa lake saa nzima, sahani aliyovunja, neno alilojibu, na mama mezani ameinamia karatasi, anainua macho, anamtazama, anainamia tena, na yale macho ndiyo yaliyokuwa yanamtisha, hayakuwa ya hasira, yalikuwa yanapita ndani yake kama mtu anavyotazama kupitia kioo cha dirisha, yanatafuta kitu nyuma yake, na mara moja, mara moja tu, mama alisema bila kuinua kichwa, "Punje, inua kidevu," na yeye akainua kidevu, hakusema si mimi, aliinua kidevu... na miaka ile, kumbe, hesabu ilikuwa sawa, mama hakuchanganyikiwa na kitu, mitano ilikuwa mitano, sita ilikuwa sita, miaka ilikuwa ya Daftari, kimo kilikuwa cha Daftari, goti lililochubuka, viatu visivyolingana kamba, vyote ni vyake, na jina ndilo la mwingine, yeye aliyelalamika moyoni nusu ya umri wake kwamba mama alichora hata paka wa jirani na hakuwahi kumchora yeye, yeye alikuwemo kwenye milango yote, amefunikwa na maelfu ya vidole, amechomwa macho kwa sindano, na siku alipoandika wanne alimwacha nje nani, dada yake au yeye mwenyewe?

Amekasirika? anajipima, anajipima kwa uangalifu kama anavyopima kila kitu, mtu akitumia mwili wako kwa jina la mwingine si ndiyo hiyo hiyo, si ndiyo waliyomfanyia mama, mkono wako jina lake, si ndiyo barua kumi na tisa, na ilikuwa haki akasirike, lakini hasira haiji, kinachokuja ni ubaridi, unapanda kutoka nyayoni, na juu ya ubaridi sauti ya mama mwaka ule wa mwisho, hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, yeye Daftari amemletea vitabu vyote saba na kuapa, "Mama, nitahakikisha wameandika jina lako humu, hata iweje," na mama amegeuza kichwa kwenye mto, kama aliyechokozwa na mtoto, "La nini? Jina langu limo tayari," na Daftari akadhani ni homa, akaandika, mama anaweweseka, saa kumi jioni... limo tayari, Mama Punje, jina pekee ambalo aliwahi kuitikia, walipomnyang'anya huku nje kwa huruma zao alilipeleka mahali ambapo hakuna jirani wa kulibadilisha, mtu yeyote akifungua ukurasa na kumwona Punje amemwona na mama yake, ndiyo sahihi, haikuwa pembeni chini kwa wino kama za wachoraji wengine, ilikuwa imesimama mlangoni kwa miguu yake, na hawa sasa, kwa adabu yao yote, wanataka kufuta jina la mama kutoka kwenye kurasa na kuandika juu ya jalada majina matatu ya mwanamke ambaye hata yeye mwenyewe asingegeuka angeitwa.

Basi jina likae nje... anashangaa jinsi linavyotoka kifuani bila kishindo, miaka sita, barua kumi na tisa, na linatoka kama mwiba uliokwisha kuiva, waandike baba mkubwa peke yake wakitaka, waache majalada yalivyo, wasichape kabisa, lakini mtoto arudi mlangoni, na kivuli chake, na macho yao wote wanne yapate wa kumtazama, hilo ndilo atakalosema, mwanasheria akimaliza, kaka yake atapiga simu, atapiga kelele, wali utapoa, na apige, na chai mbele yake bado inatoa mvuke, na kalamu bado ina kifuniko, na mhariri bado anatabasamu na mkono wake juu ya ukurasa wa kumi na nne, na mwanasheria amefika chini kabisa ya karatasi, "Na mwisho, waliohudhuria wakati wa kusainiwa, hapa naandika idadi tu, mama, majina tutajaza," anainua kalamu yake mwenyewe, anahesabu kwa ncha yake, haraka haraka, kama anayehesabu vikombe, "wewe, mimi, mhariri, fundi," na nyuma mlango unagonga fremu, safari hii hauachi, unafunguka taratibu, na fundi anainua macho kutoka kwenye kompyuta, anatazama juu ya bega la Daftari, mhariri naye anainua macho, tabasamu limebaki mdomoni limesahauliwa, mwanasheria naye, kalamu hewani, wote watatu wanatazama pale pale, kwa nyuso anazozijua, amezitazama asubuhi nzima, na yeye hageuki, hana haja ya kugeuka, anahisi ubaridi wa kizingiti kwenye visigino vyake, anahisi kidevu chake kinainuka chenyewe, "Tupo wanne, siyo mama?" anasema mwanasheria, bila kuondoa macho mlangoni, na Daftari anausogeza mkataba pembeni taratibu, analaza kiganja juu yake, anakaa hivyo.

"Watano," anasema.